Shuka la Bibi na Sinema Isiyo na Sauti

Rafiki yangu, sogea karibu, maana nina hasira na si kila mtu wa kumwambia. Jumapili iliyopita parokia yetu hapa Karatu ilifanya jubilei. Baada ya misa tukaingia ukumbini kuangalia vitu vya zamani: kengele iliyopasuka, vitabu vya nyimbo, na juu ya meza, mashine ya sinema ya utoto wangu. Mbele yake wameweka kibao, "Wazee Walioleta Sinema", na majina ya wanaume watano. Chini ya mashine kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, kimelowa mafuta. Nilikijua kabla sijakigusa. Kilikuwa na mshono katikati, umeshonwa kwa uzi wa bluu.

"Hilo tambara tu mama, la kufutia vumbi," akasema binti aliyekuwa anatuonyesha.

Tambara! Mungu anisamehe, nilimkazia macho yule mtoto wa watu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Lile ni shuka la bibi yangu. Alilishona mwenyewe kwa mkono, vipande viwili vya kitambaa cha marekani, na lilikuwa linatoka sandukuni siku ya mgeni au siku ya msiba tu. Sasa padre wetu wa wakati ule, mzee mmoja mpole, alipewa mikanda ya sinema na hoteli moja kule juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta. Mikanda ilikuwa imezeeka, wageni hawaitaki tena. Mashine ikapatikana, jenereta ikapatikana, kitambaa cheupe kikubwa hakuna. Bibi akafungua sanduku.

Basi Jumamosi za kiangazi, giza likishaingia, uwanja wa kanisa ulijaa. Watu walitoka hata kijiji cha Daa kwa miguu, na makoti yao, maana unajua baridi ya huku ukungu ukishashuka kutoka msituni. Jenereta inanguruma nyuma ya jiko, mahindi yanachomwa, vumbi jekundu limetulia kwa umande. Na picha zenyewe hazikuwa na sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake! Hakuna Kiingereza cha kumpita mtu. Bibi hakujua hata herufi moja, lakini alikuwa anaelewa kila kitu sawa na padre.

Kulikuwa na mnene mmoja mwenye kofia ndogo, kabeba ngazi. Akigeuka huku, ngazi inampiga polisi. Akigeuka kuomba radhi, inavunja dirisha. Na yeye hacheki hata kidogo. Bibi alisema huyo anaijua kazi yake, kwa sababu hajichekei, anatuachia sisi. Halafu kulikuwa na sinema ya kutisha, ya mfu mrefu mwenye vidole kama matawi makavu. Damu huoni, kelele husikii. Kivuli chake tu kinapanda ukutani kabla mwenyewe hajafika, na sisi tumebana pumzi.

Ila sikia sasa. Sisi tulikaa nyuma ya shuka. Ndiyo, nyuma! Mwalimu wa dini, aliyesimamia uwanja, aliamua wanaume na wavulana wakae mbele, upande wa mashine. Kina mama na wasichana wakae upande wa pili, waangalie kile kitakachopenya. Shuka ni la bibi, na bibi kakaa nyuma yake! Picha ilitufikia imefifia kama kitu unachokiona kwenye moshi, tena imegeuka. Miaka miwili mizima tuliamini yule mnene anakula kwa mkono wa kushoto. Bibi alimhurumia, akasema hakupata mtu wa kumlea.

Ni bibi aliyegundua dawa. Siku moja mvua ilililowesha shuka kwenye kamba, na jioni ile picha ikapenya safi, tukaona hadi vifungo vya shati. Kuanzia hapo kazi yangu mimi na binamu zangu ikawa kuchota maji na kulilowanisha shuka kabla halijafungwa kwenye nguzo. Lakini likilowa, mbele picha inapungua. Wanaume wakaanza kelele.

"Ama!" mwalimu aliita. Ama ndiyo bibi kwa Kiiraqw, na kijiji kizima kilimwita hivyo. "Shuka limelowa, huku mbele hatuoni!"

"Na sisi huku nyuma miaka yote tulikuwa tunaona nini, mwalimu?"

Mwanamume mmoja akadakia, "Wanawake na mizimu ya Wazungu wapi na wapi? Nendeni mkapike!"

"Tumeshapika," bibi akajibu. "Na mmeshakula. Tulieni."

Jumapili yake, baada ya misa, ikatangazwa kwamba shuka lisiloweshwe tena. Nilimwona bibi anabana midomo tu, na mimi nilijua ndiyo basi, sitamwona tena mnene wangu wala mfu wangu, nitaona moshi.

Jumamosi ikafika, shuka kavu. Mfu akaanza kutoka kaburini. Bibi akasimama, akaenda kwenye nguzo, akaanza kufungua fundo.

"Ama, unafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Nachukua shuka langu. Kuna baridi."

Akalivuta, akajifunika. Na mwanga wote wa mashine ukatumwagikia sisi! Mfu akatembea juu ya kanga za mama zetu, vidole vyake virefu vikapita kwenye nyuso zetu. Jirani yetu mmoja alimkuta mfu kifuani pake, akampigapiga mgongo kama anabembeleza mtoto. Tulicheka mpaka tukalia. Kule mbele wanaume walikuwa wanatutazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walituona.

Padre ndiye aliyecheka kwanza upande ule. Akasema, "Mwombeni Ama shuka lake, mlitundike ukutani." Likatundikwa ukuta wa ghala, na wote tukakaa mbele, wanaume kulia, wanawake kushoto, kama kanisani. Mnene akaja na mkate wake. Kumbe anakula kwa mkono wa kulia! Bibi alimwomba radhi kwa sauti.

Baadaye zikaja video, mashine ikafungiwa stoo pamoja na shuka. Bibi alikufa bila kurudishiwa. Siku hizi kila mtu ana simu yake mkononi, anacheka peke yake, na ile kubana pumzi uwanja mzima kwa pamoja imekwisha. Mimi nimesoma ukubwani, masomo ya jioni, baada ya kuwalaza watoto, kwa hiyo kile kibao nilikisoma vizuri sana. Bibi hayumo.

Nikamwambia mwenyekiti wa kamati ya jubilei. Akatabasamu: "Mama, hilo ni shuka tu, si historia."

Nikainua mashine kwa mkono mmoja, taratibu, nikalivuta. Mwenyekiti akanisogelea.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachukua shuka letu," nikasema. "Kuna baridi."

Nimelifua mara tatu, mafuta hayajatoka yote. Nakuomba, rafiki yangu, hadithi hii usikae nayo. Wasimulie binti zako, wasimulie na wavulana. Na ukikutana na mtu anayetaja wazee walioleta sinema Karatu, muulize walitundika nini ukutani.