Kaburi Lililochimbwa Alfajiri

Puu! Mpaka leo nausikia ule mlio, kama gunia la viazi limeangushwa kutoka juu ya lori. Ndege ikatingishika, na nje ya dirisha langu injini ikaanza kutoa moto.

Mama mmoja Mkenya aliyeketi kando yangu, naye akirudi kutoka kazi za nyumbani Uarabuni kama mimi, alinishika mkono. "Msichana, funga hilo dirisha. Mimi nililipia chakula, sikulipia moto." Nikacheka huku nalia.

Rubani alitangaza kwamba injini wameizima na tunatua uwanja ulio karibu, nchi ambayo hata kwa ndoto sijawahi kuiona. Watu waliomba kwa kila lugha. Mimi niliomba tu tufike Nairobi. Mamangu alikuwa anazikwa kesho yake Kuresoi, na mimi ndiye kitinda mimba wake.

Kwetu kaburi halilali wazi. Likishachimbwa, lazima mwenyewe aingie siku hiyo hiyo. Wazee walitaka nifike kwanza ndio wachimbe, lakini kabla ya kupanda ndege nilimwambia kaka kwa simu, "Wachimbe tu alfajiri, saa tatu niko hapo. Ndege haikwami kwa matope!" Hivyo ndivyo nilivyo. Mimi huona tu mambo yakienda vizuri.

Tulitua salama, magari ya zimamoto yakitukimbiza kwa povu. Tukafungiwa kwa ukumbi, simu yangu haishiki laini. Saa nne asubuhi, siku yenyewe ya mazishi, ndipo mtu akaniazima yake.

"Uko hai! Tumesikia redioni ndege yenu imeshika moto!" kaka akapiga kelele.

"Niko hai. Nitafika kesho kutwa. Ningojeeni."

Nilisikia watu wakiimba nyuma yake.

"Dadangu, kaburi liko wazi."

"Lifunikeni na mabati!"

"Wazee wamekataa. Wanasema likilala tupu litaita mwingine. Na wewe ndio umetoka tu kwa moto."

Nilimwomba aweke simu karibu na sanduku. Nilitaka kumwambia mama kwamba siku moja ningempandisha ndege aone shamba lake kutoka juu. Nikaweza tu kusema, "Mama, nimechelewa." Halafu kredi ya yule mtu ikaisha.

Siku mbili baadaye kaka alinichukua Nakuru. Njiani hakunilaumu, na hiyo iliniuma zaidi. Tulipofika, mchanga wa kaburi ulikuwa umeshikana, umekanyagwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Wengine walipoingia kunywa chai, nilizunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameanza kupandishia viazi udongo, akaachia katikati ya mstari. Nikapiga magoti, nikaumalizia kwa mikono.