Mafuta ya Nywele Kwenye Kiti cha Mwalimu Nzioka

Jamani, hili nalieleza nikiwa nimefunika uso kwa kiganja, na mkicheka nitawaelewa, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijaelewa nilikosea wapi.

Ngoja niwaeleze polepole. Baba yake mchumba wangu Mwende, Mwalimu Nzioka, alikuwa amestaafu, na watoto wake wakaandaa sherehe nyumbani kwao hapa Machakos, kadi ikasema kila mgeni avae kama vijana wa miaka ya themanini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu siku hiyo: mzee anipe tarehe ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao sisi Wakamba hatuhesabu kwamba mtu ameoa.

Sasa, miaka ya themanini sikuwa nimezaliwa, kwa hivyo nikajifunza kwa vichekesho vya kwenye simu (hata nyinyi mngefanya hivyo), na huko kila kijana wa zamani ana jaketi la zipu nyingi, glavu moja, na nywele za mikunjo zinazodondosha mafuta, basi nikakodi wigi saluni, nikalimiminia nusu chupa ya glisarini, nikaingia sebuleni na kukuta wenzangu wamevaa mashati ya maua tu.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza.

"Ni Kyalo, baba," Mwende akajibu akitazama sakafu.

"Kijana, unanichezea? Sisi hatukuwa hivyo! Hiyo ni uongo ya watu wa vichekesho!"

Nikarudi nyuma, nikaketi kiti cha karibu (kumbe ni chake), nikaegemea, na glisarini ikalowesha kitambaa cha kufumwa kilichofunika mgongo wa kiti mpaka kwenye kochi lenyewe, nami badala ya kutulia nikapangusa kwa ile glavu, doa likawa kubwa kama sinia.

Mama Mwende akaja. Nikajua nafukuzwa. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Woi! Nzioka, kuja uone! Si hii ndiyo alama uliacha kwa kiti ya baba yangu, akakufukuza? Unafikiri nilianza kufuma vitambaa kwa nini?"

Mgeni mmoja, mwanafunzi wa zamani wa mzee, sasa ana upara, akasimama. "Mwalimu! Na vile ulininyoa na makasi mbele ya paredi juu ya nywele za mafuta, kumbe wewe mwenyewe ulikuwa nazo?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee hakumtazama mkewe, alinitazama mimi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa: kama vichekesho vimedanganya, nimemtukana, na kama vimesema kweli, nimemvua nguo.

Nikienda zangu nikajikaza. "Mzee, na ile tarehe?"

"Hizo mbuzi zikae huko kwenu Katangi zinenepe. Na wewe ukae nazo."

Basi ndugu zangu mnaotaka kuoa, msikate tamaa, mimi mwenyewe sijakata. Ila nimeapa: ujana wa baba mkwe nitauulizia kwa mama mkwe, kimyakimya, jikoni, kabla sijauvaa.