Mahame ya Landhi Karibu na Salaita

Mama mkwe wangu aliingia dukani kwangu Voi asubuhi moja akiwa amebeba kitu ndani ya leso, akakiweka juu ya kaunta polepole kama anayeweka mayai. Mimi nauza dawa. Nilidhani ameniletea vidonge vyake vya presha nimwangalizie kama bado vinafaa. Alipofungua leso nikaona chupa nene ya kijani, imejaa udongo mwekundu, mdomo wake umepinda kidogo upande mmoja.

"Mwanangu, mambo ya chupa ndiyo kazi yako," akasema. "Niambie hii ni ya wakati gani."

Nikacheka. "Mama, mimi naweza kukuambia dawa itaharibika lini. Chupa imezaliwa lini, hiyo siwezi."

"Basi ulizia," akasema. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kuomba chai.

Chupa ile alikuwa ameiokota katika nyika iliyo chini ya kilima cha Salaita, kando ya reli ya zamani inayotoka Voi kwenda Taveta, ambayo siku hizi haina treni. Mama amekuwa akituambia kwamba alizaliwa huko, katika landhi, zile nyumba za safu walizokuwa wakijengewa wafanyakazi wa reli na familia zao. Baba yake alikuwa katika kundi la kutengeneza njia. Baadaye landhi ikafungwa, watu wakatawanyika, na yeye akapandishwa milimani Ronge akiwa bado mtoto mdogo. Ndugu zake wote wameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia ndiyo au la.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa akimwambia la. Hakuwa na ubaya. Yeye ni mwalimu, na wikendi hujiunga na kikundi cha majirani kinachotembeza wageni wanaokuja kuona mahali Waingereza na Wajerumani walipopigana katika vita vya kwanza vya dunia. Kwake yeye kila kigae kilichoko katika nyika ile ni cha askari.

"Mama, pale palikuwa kambi," alikuwa akisema. "Nyinyi labda mlikaa stesheni nyingine. Ulikuwa mdogo, umechanganya."

"Mimi nimechanganya mahali nilipozaliwa?"

"Watu wengi huchanganya, mama."

Jambo lenyewe lilikuwa la mzaha wa mezani, mpaka kikundi kilipoamua kuweka kibao pale, chenye maneno "Kambi ya Wanajeshi". Hapo mama akakasirika kwelikweli. Akaomba lifti ya pikipiki, akaenda nyikani peke yake, akarudi na ile chupa. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake.

Nikaiweka kwenye rafu nyuma yangu, katikati ya dawa za kikohozi, na ikakaa hapo hadi alipokuja mteja mmoja kununua mafuta ya kupaka dhidi ya jua. Alikuwa mama wa makamo kutoka pwani, amevaa buibui na viatu vizito vya kupandia milima, na kwa mavazi hayo tu nilijua huyu ana habari. Kabla sijamrudishia chenji alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Samahani dada. Ile chupa waiuza?"

"Hapana. Ni ya mama mkwe. Anatafuta umri wake."

Akacheka sana. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo. Alikuwa akizunguka nyikani kukagua mahame, yaani mahali watu walipoishi zamani kisha wakahama, na kukadiria vitu vilivyobaki ni vya enzi gani. Akaomba aishike chupa. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanishika kidole na kukipitisha ubavuni mwa ile glasi.

"Wausikia huu mshono? Ndipo vipande viwili vya kalibu ya kumiminia glasi vilipokutana. Sasa ufuate hadi juu."

Nikaufuata. Ulipanda bega la chupa, ukaingia shingoni, kisha ukapotea kabla ya kufika mdomoni.

"Umekatika," nikasema.

"Naam. Mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa mtu, na ndiyo maana umepinda. Mashine zilipoanza kutengeneza chupa nzima, mshono ulipanda mpaka kwenye mdomo wenyewe. Hii ni ya kabla ya hapo, au ya wakati wa kubadilika, yaani karibu na miaka ya vita vya kwanza."

Nilipompigia mama simu alifurahi kwa muda mfupi tu. Mume wangu alisikia habari jioni akapiga meza kwa furaha. "Wakati wa vita! Si nilisema? Mama mwenyewe amenitolea ushahidi!"

Mama akamtazama. Kisha akaniambia mimi, kama vile mwanawe hakuwepo, "Mwite huyo binti. Twende naye."

Tulikwenda Jumamosi, sisi wanne, katika gari la mume wangu. Mama alikuwa amepika kimanga cha mihogo na maharagwe, akakipakata njia nzima. Mgeni wetu wa pwani alikuwa na masharti. Tusichukue kitu. Tukiona kitu, tuite, kipigwe picha pale pale kilipo.

"Kitu kikiondolewa mahali pake kinakuwa bubu, mama," alimwambia mama mkwe kwa upole, akimrudishia chupa yake airudishe alikoitoa. "Na risasi yoyote ambayo bado ina kichwa, hatuigusi. Twapiga simu polisi."

Jua lilikuwa tayari kali. Reli imejaa kutu, na mataruma yake ya chuma yametokeza katika vumbi jekundu. Ndovu walikuwa wamepita usiku na kuacha mavi yao kila mahali. Katikati ya migunga kulikuwa na misingi ya saruji iliyopasuka, ambayo mume wangu alisema ni jiko la askari na mama akasema ni nyumba ya bwana msimamizi wa landhi.

"Saruji peke yake hainiambii mengi," akasema mgeni. "Tutazame taka. Watu husahau kuficha taka zao."

Saa za kwanza zilikuwa za mume wangu. Kila tulichookota kwa macho kilikuwa chake. Kifungo cha shaba. Vipande vya chupa ambazo mishono yake ilikatika shingoni. Makopo ya nyama yaliyooza kwa kutu, na juu ya kifuniko cha mojawapo tone la risasi ya kulehemu, mahali walipozibia tundu baada ya kujaza nyama. Mgeni alieleza kwamba makopo ya baadaye hukunjwa ukingoni kwa mashine, hayana tone hilo. Mume wangu alikuwa akitembea kifua mbele, na mimi, sitaficha, nilikuwa nimeusahau ugomvi wao. Nilikuwa nimepiga magoti vumbini nikipapasa shingo za chupa kama ninayetafuta mshipa wa mgonjwa. Nimeuza dawa ndani ya chupa miaka yote hii, na sikuwahi kuitazama chupa yenyewe.

Nilipoinua kichwa, mama hakuwepo.

Nikamwona mbali kidogo, ng'ambo ya reli, amesimama karibu na kichuguu, amejifunika leso kichwani. Nikamfuata. Nilidhani amevunjika moyo nikaanza kutafuta maneno. Lakini alikuwa akipima kwa macho.

"Tangi la maji lilikuwa hapa," akasema. "Maji yalikuja na treni, behewa zima. Wanawake walipanga madebe kuanzia hapa mpaka kule. Na taka tulitupa nyuma, huko chini, kwa sababu ya nzi." Akanitazama. "Tumekuwa tukitafuta upande wa mabwana. Sisi tulikaa upande huu."

Tulishuka pamoja kwenye kijibonde alichoonyesha. Kulikuwa na jaa, limefunikwa nusu na mchanga ulioletwa na mvua. Nikaona shingo ya chupa imetokeza. Nikaufuata mshono kwa kidole. Ukapanda begani, ukaingia shingoni, ukapita, ukafika mdomoni kabisa.

Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Mume wangu alikuja mbio na fimbo.

"Mashine!" nikamwambia. "Hii ni ya mashine!"

Mgeni alifika akihema, akachuchumaa, na sura yake ikabadilika. Alianza kutaja vitu taratibu huku akipiga picha. Ukingo wa kopo uliokunjwa. Vijiti vyeusi vya ndani ya betri za tochi. "Tuliandika navyo juu ya mataruma," akasema mama. Kipande cha santuri nyeusi, mistari yake mipana unaweza kuihesabu kwa kucha, aina ile iliyokuwa ikipigwa kwa gramafoni ya kuzungusha mkono. Mama akasema jirani yao alikuwa nayo, na kila mwisho wa mwezi watu wazima walicheza mpaka wakajaa vumbi.

"Haya yote ni ya baadaye kuliko yale ya kule juu," mgeni akasema. "Kwa miaka mingi."

Mume wangu hakukubali haraka. Ndivyo alivyo. "Pengine askari walirudi," akasema. "Kulikuwa na vita vya pili pia. Askari nao wanasikiliza muziki, wanatumia tochi."

Mgeni akakiri kwamba hilo linawezekana. Ndipo mama alipoinama, akapuliza vumbi, akatuita tuone kitu bila kukigusa, kama alivyofundishwa. Ilikuwa kandambili ya akala, iliyokatwa kutoka tairi la gari, misumari yake midogo bado imo. Ilikuwa fupi kuliko kiganja changu.

"Haya, mwalimu," mama akamwambia mwanawe. "Askari gani huyu mwenye mguu huu?"

Mume wangu alichuchumaa, akaipimia kiganja chake bila kuigusa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini vumbini na suruali yake nzuri, na mgeni akaanza, na mimi, na mama akatuacha tucheke huku yeye amesimama wima kama hakimu. Baadaye tu, tulipokuwa tukila kimanga kivulini mwa gari, nikaona anafuta macho kwa ncha ya leso. Mume wangu naye aliona. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama. Nionyeshe nyumba yenu ilikuwa wapi." Wakaondoka wawili, wakavuka reli, na nilimwona mama akinyoosha mkono huku na huku, akimgawia mwanawe majirani nyumba kwa nyumba.

Mgeni wetu aliandika ripoti yake akaipeleka kunakohusika, na kikundi kikapewa maelekezo ya kutochimba wala kubeba chochote. Mjadala wa maneno ya kibao ulichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wenyewe. Mtu mmoja alipendekeza "makazi ya kale", mama akakataa katakata.

"Kale gani? Mimi niko hapa nakunywa chai."

Mwishowe kibao kiliandikwa "Kambi ya Wanajeshi, na Baadaye Landhi ya Wafanyakazi wa Reli na Familia Zao". Mama aliomba yaongezwe maneno kuhusu behewa la maji, akaambiwa nafasi haitoshi. Kwa hiyo mume wangu anapowapeleka wageni siku hizi, mara nyingi humchukua na yeye. Wageni huja kuuliza habari za mizinga na majenerali. Mama huwa anawangoja wamalize kupiga picha za kilima, kisha anawavusha reli na kuwapanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka kwenye kichuguu hadi kule mwisho, ili waone foleni ya madebe ilivyokuwa ndefu.