Pumzi ya Bibi Nyamizi

Hadi leo asubuhi ile ya Ipole haijanitoka akilini, mwanangu, na kwa kuwa umekuja na kamera yako mpya shingoni, nimeona nikusimulie kabla hujaanza kuwapiga watu picha.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa msichana, nafanya kazi kwa shangazi yangu Zuwena, aliyekuwa na studio ya picha mjini Tabora. Nyumba nyingi za Kiislamu hazikutaka mwanamume aingie uani na kamera, basi harusi na akika za mtaa mzima zilikuwa zetu. Shangazi alikuwa mkali. Siku ya kwanza nilipoishika kamera nilinyoosha mikono mbele, viwiko vinaelea hewani, naye akanipiga viwiko kwa rula.

"Umebeba sinia la chai? Viwiko mbavuni!"

Akanionyesha. Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu, ubebe uzito. Wa kulia ushike ubavu wa kamera, kidole kimoja tu kiwe huru kwa ajili ya kitufe. Mguu mmoja mbele kidogo. Kamera iguse uso, isiachwe mbali. Vuta pumzi, itoe nusu, tulia hapo, kisha bonyeza polepole, usikigonge kitufe kama unaua mbu. Nilifanya mazoezi na kamera isiyo na mkanda mpaka mabega yakawaka moto. (Wewe na simu zako utacheka, lakini mkono ni mkono.)

Basi siku moja akaja studio Mihayo, mrina asali wa kijiji cha Ipole. Familia yao ilikuwa imeamriwa kuhamia kijiji kipya na lori lilikuwa karibu kuja kuwachukua. Mama yake, Bibi Nyamizi, alikuwa hajapigwa picha maisha yake yote. Kila alipoombwa alikataa. Sasa ghafla amekubali, kwa sharti moja: apigwe akiwa ameketi mlangoni pa nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, kabla hawajaiacha.

Tulipofika Ipole, homa ya malaria ilikuwa imempanda Shangazi. Alitetemeka hata kikombe cha maji kikammwagikia kifuani. Stendi ya kamera nayo ilikuwa imevunjika mguu huko njiani. Akanitazama, akanivisha kamera shingoni.

"Utapiga wewe."

"Shangazi, pale mlangoni ni kivulini. Mwanga ni mdogo."

"Ndiyo maana nilikupiga rula."

Bibi Nyamizi alikuwa kwenye kigoda, kanga mpya, mgongo umenyooka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimeshakula. Nyuma yake vyombo vilikuwa vimefungwa tayari, magodoro yamekunjwa. Binti yake mkubwa, Kalunde, alisimama pembeni amekunja mikono, uso ameukaza. Nilidhani ni uchungu wa kuhama.

Niliogopa mno kuharibu. Kwenye mwanga ule, akitikisika kidogo tu, sura ingepotea. Nikapiga goti, nikabana viwiko, nikamwambia, "Bibi, usitikisike. Tena zuia pumzi mpaka nikuambie."

"Mimi nitikisike? Jiangalie wewe, mjukuu wangu."

Nikatoa pumzi nusu. Nikabonyeza. Nikasikia kamera imefunga.

"Tayari, Bibi. Sasa unaweza kupumua."

Hakupumua. Aliendelea kunitazama. Nikacheka, nikijua ananitania, nikarudia kumwambia tayari. Mihayo naye akacheka, akamgusa bega. Bibi Nyamizi akaegemea mwimo wa mlango taratibu, kama mtu aliyechoka, na mkono wake ukaanguka kutoka mapajani.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa bado nimepiga goti, kamera ingali usoni. Niliiona kazi ya mauti kwenye kile kidirisha kidogo cha kamera, nikashindwa kuishusha. Kisha nikasikia sauti ya Kalunde:

"Umemwambia asipumue! Umemwambia mama yangu asipumue!"

Watu wakakimbia kutoka kila upande. Kila aliyefika aliambiwa maneno hayohayo, na kila aliyeyasikia alinigeukia. Niliamini. Niliamini kabisa kwamba nimemwua. Shangazi, homa yote ile mwilini, alinishika mkono akaniketisha kando yake kwenye mkeka wa msiba, akanifunika nusu ya kanga yake, na hakubanduka pale hadi walipomzika Bibi alasiri, karibu na kaburi la mumewe. Lori lilikuja, likasubiri, likaondoka na vyombo bila Bibi Nyamizi.

Tuliporudi Tabora sikula. Shangazi alinivumilia, halafu akasema nami.

"Hukumwua. Mtu haui kwa neno kama lile. Ila nina ugomvi na wewe. Nilikufundisha kutuliza pumzi ya nani?"

"Yangu."

"Basi ya bibi wa watu uliitakia nini? Uliogopa, ukamtwisha yeye woga wako. Ingia chumba cha giza usafishe mkanda."

Nikausafisha, kisha nikatikisa karatasi ya picha kwenye dawa. Sura ikaanza kuja: mlango, kigoda, maua ya kanga, kisha uso, mkunjo baada ya mkunjo, haukutikisika hata kidogo. Nikalia palepale.

Kalunde alikuja studio baada ya arobaini. Niliposikia sauti yake nilijificha nyuma ya pazia, Shangazi akaniita nitoke. Kalunde aliitazama picha kwa muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akacheka, machozi yanamtiririka.

"Mtazameni. Mdomo uko wazi! Alikuwa anajiandaa kusema. Mama yangu hakuzuia pumzi yoyote. Huyu hajatii amri ya mtu tangu nimjue."

Nikasogea. Kweli, midomo ilikuwa imeachana, na jicho moja limekaa kimzaha.

Kisha Kalunde akaishika mikono yangu. Akasema mama yake alikuwa anabanwa na kifua tangu alfajiri ile, akamkataza asimwambie mtu, wasije wakaahirisha picha na lori likamkuta hajapigwa. "Mimi nilijua nikanyamaza," akasema. "Ndiyo maana nilikupigia kelele wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Tulikumbatiana pale kaunta, Shangazi akajifanya anapanga fremu.

Kwa hiyo ninachokuusia ni hiki, mwanangu. Bana viwiko vyako, beba kamera kwa kiganja, toa pumzi nusu, bonyeza polepole. Aliye mbele yako mwambie akae vizuri, msalimie, mwulize kama yuko mzima, na umngoje jibu lake lote. Asipotulia, tulia wewe. Na umpige leo kama anataka leo, usimwambie arudi mwanga ukiwa mzuri.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya huruma na mikono isiyo na pupa, na kila utakayemwelekezea kamera akuone mtu wa heri.