Chupa ya Ramu Njiani Kwenda Makaburini

Jumamosi iliyopita, kwenye basi la kutoka Edmonton, hapa London, alipanda bibi wa Kijamaika mwenye kofia nyeusi ya kanisani. Akakaa mbele yetu, akapakata chupa ya ramu, ile pombe kali ya miwa, bila mfuko, lebo ikitazama watu.

Mama wa Kitanzania ninayesali naye, aliyekuwa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Mtu mzima, na kofia ya ibada, kweli?"

Bibi hakujua Kiswahili, lakini macho aliyasoma. Akageuka, akatuambia kwa Kiingereza, taratibu, "Leo namzika mume wangu. Ramu hii imetoka kwetu Jamaika. Baba yake alikata miwa maisha yake yote."

Mama akaona haya. Akauliza, "Marehemu alikuwa anaipenda sana?"

"Hakuionja hata siku moja, alikuwa mlokole. Lakini tutaimwaga kaburini, ndiyo desturi ya kwetu. Sitaki azikwe kama mgeni." Akaifuta chupa kwa leso, kama anayemfuta mtoto uso.

Tulipofika kituo cha makaburini, bibi akawa anahangaika na fimbo yake. Mama akainuka, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akashuka nayo. Hanywi hata bia, na alikuwa anawahi zamu kazini.

Nilibaki nikiwaza mbege, pombe yetu ya ndizi ya Kilimanjaro, ambayo hapa tunaitaja kwa kucheka, kama kitu cha washamba. Siku yangu ya kuzikwa ikifika hapa London, sijui nani atahangaika kuitafuta mbege.