Mwanamke Aliyekimbia Bila Vita

Huku Nyamitaba, mtu mzima akikimbia hatumuulizi sababu. Tunabeba godoro, tunashika mtoto aliye karibu hata kama si wetu, tunamfuata. Maswali tunaulizana tukishafika kilimani. Desturi hiyo imetuweka hai, na si nyingi zinazoweza kujisifu hivyo.

Kwa hiyo Thacienne Nyiramana alipoamua kufanya mazoezi ya mwili, alijiingiza katika jambo ambalo washauri wa afya hawajalifikiria.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye mwili ambao familia nzima ilijivunia. Mama mkwe wa nyumba yenye ng'ombe hachoti maji wala hashiki jembe. Anakaa, analetewa maziwa, viazi na jibini, anasalimiwa. Kila alivyonenepa, wanawe walisifiwa. Vita vya mwisho vilipofika, sifa hiyo ikabidi ibebwe. Valens, mwanawe mkubwa, na wanaume wengine watatu walimpandisha mlima kwa tipoi, ile machela ya miti tunayobebea wagonjwa. Risasi zilipokaribia, wakamweka chini, wakajitupa mtaroni. Thacienne akabaki katikati ya njia, chali, akitazama mawingu. Walirudi kumchukua, hilo lazima lisemwe. Lakini alikuwa ameshapata nafasi ya kufikiri.

Hali ilipotulia, akaenda kituo cha afya. Muuguzi Claudette alimpima tension, yaani presha ya damu, kisha akampima tena, akidhani mashine imeharibika.

“Mama, hii tension iko juu sana. Punguza chumvi na mafuta. Kila asubuhi tembea mbio-mbio, na ukizoea, ukimbie.”

“Nikikonda, batu batasema nini?”

“Na ukikufa, batasema nini?”

Alianza kwa kutembea nyuma ya migomba, akinyata kama mwizi wa ndizi. Nyumbani alikataa chumvi, na mke wa Valens, Falone, akalia siku nzima, akiamini kwamba mapishi yake yameshtakiwa. Thacienne alipoanza kukonda, Valens mwenyewe akaja.

“Mama, unataka batu baseme tunakunyima maziwa?”

“Baseme. Hii mwili, siku ile mulishindwa kuibeba. Sasa nataka niibebe mimi mwenyewe.”

Valens akatazama ng'ombe. Ni jambo tunalofanya huku tukikosa jibu.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado barabarani, Thacienne akavaa buti za mpira za mwanawe, akafunga kitenge vizuri, akakimbia. Jirani yake Zéphyrin alikuwa kwenye ua akipiga mswaki. Alimeza povu lote. Aliyekimbia angekuwa kijana, Zéphyrin angeuliza kwanza. Lakini mwanamke huyu hakuwa amewahi kuonekana hata akiharakisha.

“Mama Thacienne anakimbia!” akapiga kelele.

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Milango ikafunguka, magodoro yakatoka, mbuzi wakafunguliwa. Thacienne akasikia miguu ya watu wengi nyuma yake. Aligeuka, akaona kijiji kizima kinakuja mbio, akafikia hitimisho ambalo yeyote kati yetu angelifikia: vita vimefika. Akaongeza mwendo. Wao, kwa kuona ameongeza, nao wakaongeza.

Alifika juu ya kilima mbele ya wengi. Zéphyrin akafika akihema, sufuria kichwani.

“Mama, vita iko wapi?”

“Hiyo njo nilitaka kukuuliza weye.”

Mwisho wakatokea Valens na wenzake watatu, jasho likiwatiririka, na tipoi tupu begani. Walikuwa wamepitia nyumbani kumchukua. Mama yake alimtazama kutoka juu, amesimama kwa miguu yake, akacheka hadi akashika mbavu. Wengine hawakucheka. Mtu aliyebeba godoro mlimani bure huchelewa kucheka.

Mchana chifu Sebarenzi akaita mkutano.

“Mama, kukimbia bila sababu ni kuvuruga usalama. Acha.”

“Siachi.”

“Basi weka hata jembe ku bega, batu bajue unaenda kulima.”

“Nitakimbia mikono mitupu.”

“Mukubwa kama wewe! Hauna haya?”

“Chifu, miaka yote hii tunakimbia sababu ya bunduki za batu bengine. Leo nikikimbia sababu ya moyo yangu, njo kosa?”

Chifu akakohoa, akatafuta msaada kwa wazee. Wazee walikuwa wakitazama ng'ombe.

Jumapili kanisani katekista Sébastien akasoma tangazo, kati ya ndoa zitakazofungwa na mbuzi aliyepotea: Mama Thacienne atakimbia kila asubuhi, si vita. Tangazo halikueleza vita vyenyewe vitatangazwa na nani.

Jumatatu hakupita nyuma ya migomba. Alishika katikati ya barabara, buti zikipiga matope kwa sauti. Watu walisimama milangoni, mkono mmoja kwenye godoro, wakipima neno la kanisa na desturi. Zéphyrin alikuwa ameshavaa viatu.

“Mama, kweli iko mazoezi tu?”

“Rudi ulale, ao unifuate!”

Akasimama pale, mguu mmoja uani, mwingine barabarani. Thacienne hakumngoja. Akaacha barabara, akashika njia ya kilimani, ile yenye mtaro pembeni, na kupanda akapanda mbio.