Viatu Nyuma ya Tangi

Niliporudi mtaani kwetu Igogo kutoka Japani, nilivua viatu nje ya geti, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikavificha nyuma ya tangi la maji. Nikaingia nyumbani pekupeku.

Dada yangu alikuwa amejifungua nikiwa safarini. Hata sijakaa, akaninyooshea mtoto.

"Mpokee mpwa wako."

"Shikamoo, dada. Ngoja kwanza nioge."

Nilioga. Alipomleta tena nikasema nimechoka. Jioni nikasema nahisi mafua.

"Mafua gani hayana hata chafya?" mama akauliza.

Ilikuwa hofu tu. Mafunzo yaliyonipeleka kule yalipokwisha, mimi na wenzangu tulipelekwa kutembelea mji uliohamwa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia. Nilitarajia jangwa. Nikakuta kijani kitupu: mimea inayotambaa imefunika duka zima, mti umetoboa paa la kituo cha mafuta, nguruwe pori na wanawe wanavuka barabara taratibu kama wenye mji. Mahali palipopendeza kuliko pote, kwenye bustani ya shule, ndipo kipimo cha mionzi kililia zaidi. Tulivalishwa vifuniko vya plastiki juu ya viatu. Changu cha kushoto kilichanika. Tulipotoka walitupima, wakasema tuko salama, nami nikaamini mpaka nilipopanda ndege na kuanza kuiwazia ile soli.

Aliyetutembeza alikuwa bibi mzaliwa wa pale. Nyumba yake alituonyesha tukiwa barabarani, hakuingia. Kupitia mkalimani alisema kwamba baada ya kuhama alikataa kumbeba mjukuu wake mchanga, ingawa naye alikuwa amepimwa akaambiwa hana tatizo. Alisubiri hofu iishe. Ilipoisha, mtoto alikuwa ameshajua kutembea, na hakutaka kwenda kwake.

Asubuhi ya pili dada alichoka na visingizio vyangu.

"Sema tu umeshakuwa Mjapani. Mwanangu ananuka dagaa?"

Nikamweleza yote, hadi viatu. Alianza kucheka, kisha akamvuta mtoto kifuani.

"Walikupima?"

"Walinipima."

"Na viatu?"

"Navyo. Wakasema salama."

Akaninyooshea mtoto tena. "Mimi nimewaamini. Wewe unasubiri nini, mjomba mtu?"

Nikamwona akilini yule bibi amesimama barabarani, nje ya nyumba yake. Nikakaa mkekani, nikanyoosha mikono.

"Shika shingo! Shingo, wewe!" dada akafoka.

Mtoto alikuwa na joto, mwepesi kuliko begi langu. Haukupita muda akanikojolea. Mama akapiga vigelegele, eti ni baraka.

Viatu bado viko nyuma ya tangi. Mboga ya maboga aliyopanda mama imeshatambaa juu ya ule mfuko. Juzi alichuma majani yake akapika. Nilikula, baada ya kuyatazama kidogo.